Kabla Hujachonga Mbao: Jinsi ya Kuipata Sauti ya Hambaka Ndogo

Kijana aliingia kibandani kwangu Magomeni, begi la gitaa mgongoni. "Shikamoo, fundi." Nikaitikia. Akalitoa gitaa, akalilaza mezani, akaonyesha kwa kidole. "Naomba unitolee hizi pikapu ndogo, uniwekee kubwa. Hizi hazina nguvu. Nikisimama na wenzangu jukwaani, sisikiki."

Lilikuwa Les Paul Deluxe, gitaa la umeme la kampuni ya Gibson, la rangi ya dhahabu, ambalo mjomba wake alimletea kutoka Ujerumani. Pikapu zake mbili, yaani vile vifaa vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza, ni nyembamba, kila moja imekaa kwenye dirisha lililokatwa katikati ya fremu pana ya rangi ya krimu. Ndizo zinazoitwa hambaka ndogo, au mini-hambaka. Nikamwomba aniachie gitaa siku mbili. Sitagusa mbao wala kung'oa pikapu, nikamwambia. Ukirudi usikilize, na ukiwa bado huitaki sauti yake, tutaongea.

Sababu ya kumjibu hivyo ninayo. Mwaka 2006, nikiwa bado najifunza kazi hii, nililetewa gitaa la mzee mmoja mpiga ridhimu lenye pikapu za namna hiyohiyo. Alitaka kubwa. Nikashika patasi, nikapanua mashimo, nikaweka kubwa, na kwa macho kazi ilipendeza. Siku ya mazoezi gitaa lile likazama ndani ya besi. Kila alipopiga nyuzi nene kwa pamoja ilitoka sauti ya tope, hakuna uzi uliojitenga na mwenzake. Mzee akaomba nimrudishie zile za zamani. Pikapu nilikuwa nimezitunza, lakini mbao niliyoichonga nilikuwa nimeifagia zamani. Niliziba kwa vipande vya mninga, nikapiga msasa na rangi, na bado kila nikikutana na mzee yule namkumbuka akiligeuzageuza gitaa lake bila kusema neno.

Tangu hapo hambaka ndogo naipa kila nafasi ya kusikika kabla sijafikiria kuitoa. Nitaeleza hapa ninavyofanya, pamoja na sababu zake, maana ukiijua sababu utaweza kulirekebisha hata gitaa ambalo mimi sijawahi kuliona.

Imetoka wapi

Pikapu ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, uga wa sumaku unayumba na umeme mdogo unazaliwa ndani ya koili. Tabu ni kwamba koili hiyohiyo inaupokea pia mvumo wa umeme wa nyumba, ambao kwetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Seth Lover, mhandisi wa Gibson mjini Kalamazoo, Michigan, aliomba hataza ya dawa yake mwaka 1955 na akapewa 1959: koili mbili kando kwa kando, moja imezungushwa kinyume cha mwenzake, na ncha za sumaku nazo zimekuwa kinyume. Mvumo unaingia koili zote mbili na kujifuta, na pikapu ya namna hii ndiyo hambaka (humbucker). Sauti ya uzi, kwa kuwa imegeuzwa mara mbili, inajumlika. Kuanzia 1957 hambaka kubwa zikawa kwenye Les Paul.

Mwaka huohuo wa 1957 Epiphone, kampuni nyingine ya magitaa, ilinunuliwa na kampuni mama ya Gibson, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 magitaa ya Epiphone yakapewa hambaka iliyopunguzwa upana. Kubwa ina takriban milimita 70 kwa 38. Ndogo ina takriban milimita 67 kwa 29. Urefu karibu ni uleule. Kilichopungua ni upana. Mwaka 1969 Gibson walipoleta Les Paul Deluxe, waliichukua pikapu hiyo na kuipachika kwenye nafasi iliyokuwa ya P-90, pikapu ya Gibson ya koili moja, wakatumia kifuniko cha P-90 kilichokatwa dirisha kama fremu. Ndiyo maana gitaa la kijana lina fremu pana kuliko pikapu yenyewe. Pete Townshend wa The Who, bendi ya roki ya Uingereza, alizipiga Deluxe jukwaani miaka ya 1970, na katika bendi ile ya kelele nyingi hakuna aliyelalamika kwamba hasikiki.

Na wengi waliofuata walifanya nilichofanya mimi 2006: walichonga. Deluxe nyingi za miaka ile zimepanuliwa mashimo, na leo zinauzwa kwa bei ya chini kuliko zile ambazo hazikuguswa.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Gibson Firebird ya 1963 ina pikapu inayofanana na hii kwa umbo, ila kifuniko chake hakina skrubu juu. Ndani yake kila koili ina sumaku yake ya mche iliyosimama katikati. Hambaka ndogo ya Epiphone na Deluxe ina sumaku moja iliyolala chini. Koili moja ina skrubu sita unazoziona kwa juu, nyingine ina mche wa chuma uliofichwa na kifuniko. Ya Firebird ni kali zaidi. Ukiagiza pikapu ukaandika tu "ndogo", unaweza kuletewa yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo omba picha ya juu na ya chini.

Kwa nini inalia hivyo

Hapa naomba unipe muda, kwa sababu marekebisho yote yanatoka hapa.

Pikapu haisikii uzi mzima. Inasikia kile kipande kifupi kilichopita juu yake. Na uzi unapopigwa unafanya mambo mengi kwa pamoja: unatetema mzima, na wakati huohuo unatetema kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, hadi vipande vidogo kabisa. Mtetemo wa uzi mzima ndio unaotupa noti. Mitetemo midogo ndiyo inayotupa rangi ya noti, uwazi wake na makali yake.

Sasa hambaka ina mistari miwili ya chuma inayosikiliza sehemu mbili za uzi. Ikitokea mtetemo fulani mdogo unapanda juu ya mstari wa kwanza wakati unashuka juu ya mstari wa pili, koili moja inasukuma na nyingine inavuta, na mtetemo huo unapotea kabla haujafika kwenye ampu (kikuza sauti). Les Paul ina urefu wa uzi wa milimita 628. Tuseme umbali kati ya mistari miwili ni milimita 18. Kwa uzi wa sita, wenye hezi 82.4 ukiwa wazi, mtetemo wa kwanza kufutika ni ule unaougawa uzi vipande kama 35, yaani karibu hezi 2,900. Hapo sikio la binadamu linasikia vizuri sana, na spika ya gitaa bado inafanya kazi. Isogeze mistari iwe milimita 13, na shimo hilo linapanda hadi karibu hezi 4,000. Kila kilichokuwa kinafifia kati ya hapo kinarudi.

Rudia hesabu hiyo kwa uzi wa kwanza, wenye hezi 330. Hata kwa milimita 18 shimo linaangukia juu ya hezi 11,000, ambako spika ya gitaa haifiki kabisa. Kwa hiyo wembamba wa hambaka ndogo unasikika kwenye nyuzi nene, na kwenye nyuzi nyembamba haubadilishi kitu. Hata ukibana freti gani, shimo linabaki palepale, kwa maana linategemea kasi ya wimbi kwenye uzi wenyewe, nayo haibadiliki kwa kidole chako.

Hiyo ndiyo siri ya ridhimu ya yule mzee. Nyuzi zake tatu nene zilikuwa zinasemana kila moja kwa sauti yake, mimi nikazifunga midomo.

Kwa hiyo unapotaka kuilinganisha pikapu ndogo na kubwa, usikimbilie freti ya 12 kwenye uzi wa kwanza kama wanavyofanya wengi dukani. Piga uzi wa sita, wa tano na wa nne kwa pamoja, chini kwenye freti za mwanzo, ampu ikiwa safi bila mkwaruzo. Sikiliza kama unaweza kuzihesabu.

Tofauti ya nyuzi nyembamba inatoka kwingine, kwenye umeme. Koili ikiwa ndogo, indaktansi yake, yaani uwezo wake wa kupinga mabadiliko ya umeme, unaopimwa kwa henri, kwa kawaida inakuwa ndogo. Indaktansi ya koili ikikutana na uwezo wa waya wako wa gitaa wa kutunza chaji, zinatengeneza kilele: masafa fulani yanayoinuka kuliko mengine, na baada ya kilele hicho sauti inaporomoka. Kilele kikiwa chini, gitaa linasikika nene na la kati. Kikiwa juu, linang'aa. Chukua koili ya henri 4 na waya wa mita 6 wenye pikofaradi 100 (kipimo cha kutunza chaji) kwa kila mita: kilele kiko karibu hezi 3,250. Koili ya henri 3 na waya uleule: karibu hezi 3,750. Tofauti hiyo ya hezi 500 unaisikia waziwazi kwenye uzi wa kwanza na wa pili.

Iweke namba hiyo akilini, tutaihitaji tukifika kwenye waya.

Anza na mita

Chomeka waya kwenye gitaa, upande wa pili uache wazi. Fungua voliumu na toni zote hadi mwisho. Weka mita ya umeme (multimita) kwenye kipimo cha kilo-omu 20, ncha moja iguse ncha ya plagi, nyingine iguse mwili wa plagi. Geuza swichi ya gitaa upime pikapu moja moja.

Hambaka ndogo nzima kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 6 na 7. Za kijana zilisoma 6.5 kwa pikapu ya upande wa shingo na 6.7 kwa ya upande wa daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini. Ukisoma karibu nusu ya hapo, koili moja imekufa au imegusana na mwili, na bila shaka mvumo pia utakuwa umerudi. Mita ikionyesha kwamba kiwango kimepitwa, waya umekatika mahali, na hakuna marekebisho yoyote ya chini yatakayokusaidia mpaka upatikane.

Usishtuke ukisoma juu kidogo ya namba iliyoandikwa kiwandani. Shaba ikipata joto, ukinzani wake unapanda takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Pikapu ya kilo-omu 6.5 iliyopimwa kwenye chumba cha nyuzi 20 itakupa kama 6.8 kwenye kibanda changu mchana wa Februari. Na namba hii usiitumie kupima nguvu. Inakwambia waya una urefu na wembamba kiasi gani, basi. Nimeona watu wakinunua pikapu kwa kufuata kilo-omu pekee, na wakaishia na sauti nzito wasiyoweza kuibeba.

Urefu kutoka kwenye nyuzi

Nikiambiwa niache hatua zote nibaki na moja, ningebaki na hii. Pikapu za kijana zilikuwa zimezama: milimita 4.5 darajani, 3.5 shingoni. Mtu fulani alizishusha, labda ili zisiguswe na mkono, na hakuna aliyewahi kuzipandisha. Hilo tu lilitosha kumfanya asisikike.

Bana uzi wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, upande wa pikapu. Pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya kifuniko cha pikapu. Rula ya kawaida haifai kwa nafasi hiyo; mimi natumia biti za drili. Biti ya milimita 2 ikipita kwa kugusa kidogo sana uzi na kifuniko, hapo ni milimita 2. Usilazimishe, utakwaruza nikeli. Fanya hivyohivyo kwa uzi wa kwanza.

Anzia hapa: pikapu ya shingo, milimita 2.5 upande wa uzi wa sita na 2 upande wa uzi wa kwanza. Pikapu ya daraja, 2 na 1.6. Ya daraja inakaa karibu zaidi kwa sababu pale uzi hauyumbi sana. Skrubu mbili za pembeni, kwenye ncha za pikapu, ndizo zinazoinua na kushusha. Geuza robo mzunguko, pima, sikiliza. Bisibisi iwe inaenea vizuri kwenye kichwa cha skrubu, maana skrubu hizi zikiliwa kichwa ni mateso.

Baada ya hapo acha biti, fuata sikio. Weka swichi katikati, pikapu zote mbili zikilia, kisha badili kwenda moja moja. Ukihamia shingoni sauti isiruke juu, ukihamia darajani isianguke. Mara nyingi ya shingo ndiyo inayotakiwa kushuka. Watu hupandisha ya daraja wakitafuta usawa mpaka inakaribia kugusa nyuzi, hapo sumaku inauvuta uzi, noti inayumba na kufa mapema. Ijaribu kwa uzi wa sita freti ya 12 na kuendelea: ukisikia noti moja kama mbili zinazogombana, shusha.

Hambaka ndogo inavumilia kukaribia nyuzi kuliko pikapu zenye sumaku zilizosimama moja kwa moja chini ya uzi, kwa kuwa sumaku yake imelala chini na chuma ndicho kinachofikisha nguvu juu. Kuvumilia huko kuna mwisho wake.

Skrubu sita

Skrubu ziko upande mmoja tu. Kwenye Deluxe, za pikapu ya shingo zinaelekea shingoni, za pikapu ya daraja zinaelekea darajani. Wengi wanazichukulia kama voliumu ya kila uzi, na kweli zinafanya hivyo, ila zina kazi nyingine ambayo hawaisemi.

Ukipandisha skrubu zote sita, koili ya upande huo inasikia zaidi kuliko ile ya mche uliofichwa. Pikapu inaanza kuegemea kwenye mstari mmoja. Ile hali ya mitetemo kujifuta inapungua, na sauti inakaribia ile ya koili moja: kavu zaidi, ya haraka zaidi. Ukishusha mwili mzima wa pikapu robo mzunguko na kupandisha skrubu nusu mzunguko, umepata gitaa jingine bila kununua kitu. Kwa mpiga solo anayekaa freti za juu usiku kucha, napenda mpangilio huu darajani. Kwa ridhimu naziacha skrubu karibu sawa na kifuniko.

Uzi wa tatu uangalie peke yake. Ukiwa ni uzi mtupu usiozungushiwa waya, hupiga kelele kuliko wenzake. Shusha skrubu yake mpaka usikie unapanga mstari mmoja na uzi wa pili na wa nne.

Potenshiomita na waya

Nilipofungua kifuniko cha nyuma cha gitaa la kijana nilikuta potenshiomita za voliumu, yaani vidhibiti vilivyo chini ya vifundo, za kilo-omu 300. Baadhi ya magitaa ya Gibson ya miaka ya 1970 yalitoka hivyo. Potenshiomita ni mzigo unaokaa juu ya pikapu hata ukiifungua hadi mwisho, na mzigo ukiwa mzito kile kilele nilichokieleza kinasawazishwa. Za kilo-omu 500 zinakiacha kisimame. Nilizibadilisha, nikaziweka za zamani kwenye mfuko pamoja na gitaa, kwa kuwa ni mali yake na siku moja anaweza kuzitaka. Kapasita za toni niliziacha za maikrofaradi 0.022.

Ukifanya kazi hii, kumbuka nyaya za pikapu hizi za zamani zina suka la chuma kwa nje ambalo linalehemiwa mgongoni mwa potenshiomita. Mgongo ule unakula joto. Pasi ndogo ya kulehemu itakufanya ushikilie muda mrefu mpaka uunguze ndani. Tumia ya wati 40 au zaidi, kwaruza mgongo kwa msasa kwanza, weka lehemu, ondoka.

Sasa ile namba ya kilele. Kijana alikuwa anatumia waya wa mita 10 ili atembee jukwaani. Koili ya henri 3 na mita 10 za waya, yaani pikofaradi 1,000, kilele chake kinashuka hadi karibu hezi 2,900. Linganisha na pikapu kubwa ya henri 4 kwenye waya wa mita 6, ambayo ilikuwa 3,250. Waya peke yake umeifanya pikapu ndogo iwe nzito kuliko kubwa. Alikuwa analalamikia pikapu, na kosa lilikuwa limelala sakafuni. Nilimtengenezea wa mita 4.

Ukirudi kwenye bendi

Mipangilio ya ampu uliyoizoea kwa pikapu kubwa usiihamishe. Watu huongeza trebo na kupunguza sauti ya kati ili pikapu kubwa ipate uwazi. Hambaka ndogo tayari ina uwazi. Ukiifanyia hivyo itakuwa nyembamba kama bati, na hapo ndipo neno "haina nguvu" linapozaliwa. Weka vifundo vyote katikati. Ongeza sauti ya kati kidogo. Besi iache kwanza, uisikilize na mpiga besi akiwepo, kwani ukiwa peke yako chumbani utaongeza tu.

Kwenye bendi ya dansi yenye magitaa matatu, solo, solo ya pili na ridhimu, kila gitaa likitumia pikapu kubwa wote wanagombea chumba kimoja cha sauti ya kati. Ridhimu yenye hambaka ndogo, swichi katikati, inakaa mahali pake bila kuongeza voliumu. Kwenye sebene, solo ikipanda juu, ya daraja inatosha na inapenya. Ninachokikosa mimi ni ile sauti nene, ya mviringo, ya noti ndefu za polepole kwenye pikapu kubwa ya shingo. Hambaka ndogo haitakupa hiyo, na kama muziki wako wote uko hapo, nunua gitaa lenye pikapu kubwa tangu mwanzo.

Mlio wa filimbi, na sauti inayotoweka

Yako matatizo mawili nakutana nayo kila mara.

La kwanza ni gitaa kupiga filimbi kali voliumu ikipanda. Kifuniko au waya wa koili unatikisika. Dawa ni kuchovya pikapu kwenye nta: parafini ya mshumaa sehemu nne, nta ya nyuki sehemu moja. Ya Tabora ninayoipata ni nzuri ikichujwa vizuri. Sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria ya maji, kamwe isiguse moto moja kwa moja, na kipimajoto kisipite nyuzi 65, kwa sababu plastiki ya ndani inalainika. Ikae mpaka mapovu yaishe, kama dakika kumi hadi kumi na tano, kisha ipoe yenyewe. Pikapu ya zamani yenye thamani usiichovye. Hakikisha kwanza kwamba kinachotikisika si springi au skrubu ya fremu. Na ukibadilisha kifuniko, epuka cha shaba ya njano kizito kisichojulikana. Shaba ya njano ikipakwa kromu inakula sauti za juu kuliko kifuniko cha nikeli-silva (mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki), na sauti za juu ndizo ulizozifuata kwenye pikapu hii.

La pili ni pale unapobadilisha pikapu moja tu, halafu swichi ikiwa katikati sauti inakuwa ya puani, besi yote imetoweka. Pikapu mbili zinapingana. Ili kujua, unganisha mita kwenye plagi kama mwanzo, weka bisibisi juu ya pikapu moja kisha iondoe ghafla. Tazama namba: inaruka juu au chini? Fanya hivyo kwa nyingine. Zikienda pande tofauti, zinapingana. Usigeuze nyaya zake kama pikapu ina suka la chuma, kwa kuwa kifuniko kitakuwa upande wa moto, yaani unaobeba sauti, na kila ukikigusa mvumo utalia. Fungua chini, toa sumaku iliyolala, igeuze ili ubavu uliokuwa upande wa skrubu uwe upande wa mche, irudishe. Weka alama kwa kalamu kabla hujaitoa.

Kijana alirudi siku ya tatu. Nikachomeka ule waya wa mita 4, ampu safi, vifundo katikati, nikampa gitaa bila kueleza nilichofanya. Akapiga nyuzi nene tatu freti ya tatu, akasimama, akapiga tena. Kisha akahamia darajani na kupanda juu. Alicheza kama dakika ishirini, wateja wawili wamesimama mlangoni.

Vipimo niliviandika kwa penseli ndani ya kifuniko cha nyuma, ili fundi atakayelifungua baada yangu avikute: shingo 2.6 na 2.2, daraja 2.0 na 1.7, skrubu ya uzi wa tatu imeshuka mzunguko mmoja. Potenshiomita 500. Mbao haijaguswa.